Waya Usiowasha Taa

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Nachingwea na Ruangwa. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili msikilizaji ayasome tena darasani pamoja na wenzake.)

Ninyi mlio darasani, kaeni vizuri, na mwalimu ashike chaki, kwa maana leo tutachora kidogo na kufanya hesabu kidogo. Somo letu ni juu ya umeme wa nyumbani, na hasa umeme wa akiba, yaani jenereta, betri na inveta.

Sababu ya kuchagua somo hili mnaijua. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara haikuwamo katika gridi ya taifa. Umeme wetu ulitoka katika mitambo ya Mtwara iliyoendeshwa kwa gesi ya Mnazi Bay, ukasafiri katika nyaya ndefu, porini na mabondeni, mpaka ufike Nachingwea na Ruangwa. Mti mmoja ukiangukia nyaya njiani, sisi wa mwisho tumo gizani. Kwa hiyo pesa za ufuta au za korosho zikitoka mnadani, mtu hununua friji ya kuuzia maji baridi, kisha hununua jenereta ili maji yasipate moto. Mwingine hununua betri na inveta ili taa isizime watoto wakiwa wanasoma. Hayo ni maendeleo, nami siyapingi.

Lakini sikilizeni jambo hili. Nyumba iliyo salama kwa umeme wa TANESCO yaweza kuwa si salama dakika ile ile inapohamia umeme wa akiba. Wala hutaona tofauti, maana taa zitawaka vile vile, na redio itaimba vile vile.

Mimi mwenyewe niliwahi kugusa mlango wa friji ya rafiki yangu kule Ruangwa, nikiwa peku, sakafu imetoka kupigwa deki. Nikasikia kama siafu wanatembea mkononi. Nikaruka. Mwenye nyumba akacheka, akasema, “Friji hiyo ndivyo ilivyo, bwana. Vaa kandambili.” Yeye na mkewe na watoto walikuwa wamekwisha kuzoea kuvaa kandambili kila waendapo kunywa maji. Nitairudia friji hiyo baadaye.

Tuanze na njia ya umeme. Mwalimu, chora ubaoni nguzo upande wa kushoto na nyumba upande wa kulia. Kati yake chora mistari miwili. Mstari wa juu ni waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu. Huo ndio uletao umeme. Mstari wa chini ni nyutro, nao ndio uurudishao. Umeme hauji nyumbani ukabaki humo kama maji mtungini. Huja, hufanya kazi katika balbu au pasi, kisha hurudi kule kule ulikotoka.

Shikeni neno hilo, kwa sababu somo zima limesimama juu yake. Umeme hurudi kwenye chanzo chake. Ni kama mbuzi. Jioni mbuzi wa jirani hawaji kulala zizini kwako hata ukiacha mlango wazi; wapita hapo wakaenda kwao. Umeme wa transfoma hutafuta njia ya kurudi kwenye transfoma ile. Umeme wa jenereta hutafuta njia ya kurudi kwenye jenereta ile, hauna shughuli na transfoma.

Sasa, iko na njia nyingine, nayo ni ardhi yenyewe. Pale kwenye transfoma nyutro imefungwa na chuma kilichochomekwa chini. Kwa hiyo ardhi unayoikanyaga imeshikana na zizi la umeme wa TANESCO. Ndiyo sababu mtu aliyesimama peku penye maji akigusa waya wa moto hupigwa shoti. Umeme umepata njia ya mkato: mkononi, kifuani, miguuni, ardhini, hata transfoma.

Mwalimu, ongeza mstari wa tatu. Utoke kwenye friji iliyo ndani ya nyumba, upite ukutani, ushuke mpaka kwenye chuma kilichochomekwa ardhini nje. Huu ndio waya wa ardhi. Mafundi huuita athi. Rangi yake ni kijani na njano, au kijani tupu katika nyumba za zamani. Laivu ni kahawia na nyutro ni buluu, ingawa nyaya za zamani bado zipo, nyekundu na nyeusi.

Waya huu wa tatu hauwashi taa. Ukikatika leo, kila kitu nyumbani kitaendelea kufanya kazi mwaka mzima, na hakuna atakayeuliza habari zake. Kazi yake ni ya siku moja tu, siku ile waya wa moto unapochubuka ndani ya friji ukagusa bati lake. Siku hiyo waya wa ardhi huupa umeme njia rahisi kuliko mwili wako. Kama haupo, bati la friji linakaa na umeme, likimngoja mtu wa kwanza atakayeligusa.

Labda utasema, “Nyumba yangu ina soketi za matundu matatu, kwa hiyo athi ninayo.” Si lazima. Tundu la juu la soketi ni mlango wa waya wa ardhi, lakini nyuma ya mlango huenda hakuna njia. Wengine waliingiza umeme kwa kile kisanduku cha UMETA, yaani Umeme Tayari. Kisha wakajenga chumba cha pili, wakavuta humo kamba ya nyaya mbili tu kwa sababu ni rahisi kwa bei, wakafunga soketi ya matundu matatu. Soketi hiyo ni kama mtu aliyevaa miwani isiyo na vioo.

Hata waya ukiwapo, tazama umefungwa wapi. Nje ya nyumba nyingi utakuta kipande cha nondo kimechomekwa kama mkono mmoja tu chini. Nondo hushika kutu, na udongo wa juu hukauka. Chuma kinachofaa ni kile kilichopakwa shaba, chenye urefu wa mita 1.2 au zaidi, kipigwe wima mpaka kizame.

Sasa hesabu. Andika ubaoni: 230 gawanya kwa 100. Namba ya kwanza ni volti za umeme wetu. Namba ya pili ni uzito wa njia ya ardhini. Kipimo chake huitwa omu. Jibu ni 2.3, nazo ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Tuseme basi friji yako imeharibika ndani, na ardhi yako ina omu 100. Umeme utakaokwenda ardhini ni ampea 2.3. Sasa nenda kwenye mein swichi utazame ile sakiti breka ya soketi. Imeandikwa 16, au 20, au hata 32. Maana yake haikati mpaka umeme uzidi namba hiyo. Ampea 2.3 haziitishi hata kidogo. Friji itakaa na umeme kwenye bati usiku na mchana, breka imetulia, na mita ya LUKU inahesabu uniti zinazokwenda kunywesha udongo. Ukiona uniti zinakwisha upesi kuliko zamani bila sababu, fikiria na hilo.

Darasa lifanye hesabu ya pili kwa omu 40, kama vile mvua imenyesha. Mtapata ampea 5.75. Bado breka haikati.

Udongo nao una majira yake, na watu wa Nachingwea ndio wangetufundisha sisi hilo. Mnakumbuka habari za ule mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951. Mashamba yake yalikuwa Kongwa, Urambo na hapo Nachingwea. Kule Kongwa mvua ilipokoma, udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na majembe ya matrekta yakaharibika humo. Udongo ule ule uliokuwa laini wakati wa mvua! Wenye mpango walikuwa wameupima kwa macho ya msimu mmoja. Basi na chuma chako cha ardhi ni hivyo. Kikipimwa mwezi wa pili mvua ikinyesha, kitaonekana kizuri. Mwezi wa kumi, vumbi likitimka, njia imekuwa nzito mara nyingi zaidi. Mwambie fundi akipime wakati wa kiangazi. Kisipotosha, yafaa apige cha pili, mbali na cha kwanza kwa urefu wa chuma chenyewe au zaidi, na avifunge pamoja. Kumwagia maji husaidia siku mbili tatu tu. Chumvi husaidia pia, lakini hula chuma.

Na fundi apime kwa kipimo cha ardhi. Wako wanaofunga balbu kati ya laivu na waya wa ardhi, balbu ikiwaka wanasema, “Athi safi, mzee.” Balbu ya wati 60 yataka robo ya ampea tu. Itawaka vizuri hata njia ikiwa na omu 100 tulizozifanyia hesabu. Balbu haikudanganya, ila iliulizwa swali lisilofaa.

Wako tena wanaofanya vibaya zaidi. Wakikosa waya wa ardhi, hufunga kipande cha waya ndani ya soketi, kutoka tundu la nyutro mpaka tundu la juu. Tesita haioni kosa. Lakini siku nyutro itakapolegea mahali fulani, umeme uliopita katika balbu na friji utakosa njia ya kurudi, utageuka kupitia kipande kile, na bati la friji litapata volti zote. Ukisikia fundi anasema ataazima athi kwenye nyutro ndani ya soketi, mpe chai, mshukuru, mtafute mwingine.

Kwa kuwa breka haitoshi, dawa ni kifaa kingine kikaacho penye mein swichi. Mafundi hukiita RCD. Utakitambua kwa kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST. Kazi yake ni kama ya mtoto aliyekaa mlangoni pa zizi akihesabu mbuzi. Umeme uliotoka kwa laivu ni kiasi gani? Uliorudi kwa nyutro ni kiasi gani? Zikiwa sawa, anakaa kimya. Zikipungua sehemu 30 tu katika elfu moja ya ampea, anajua kuna mbuzi amepita njia nyingine, naye hufunga mlango kabla hujafumba na kufumbua macho. Hiki ndicho kiwezacho kuokoa mtu, si breka.

Kibonyeze kitufe hicho kila baada ya miezi mitatu. Umeme ukikatika, kifaa ni kizima, kirudishe juu. Usipokatika, mwite fundi. Lakini mjue kwamba kitufe hupima kifaa chenyewe tu. Hakipimi waya wa ardhi. Waya waweza kuwa umekatika, na kitufe kikajibu vizuri.

Haya, sasa umeme wa TANESCO umekatika. Unavuta kamba ya jenereta.

Jenereta ndogo ya dukani imekaa juu ya miguu ya mpira. Katika jenereta nyingi za namna hiyo nyaya zote mbili zinazotoka hazikufungwa na chuma cha mashine wala na ardhi. Kumbuka mbuzi. Zizi la umeme huu ni jenereta, na ardhi si njia ya kwenda huko. Kwa hiyo waya mmoja ukigusa bati la friji, hakuna kitokeacho. RCD haikati, kwa maana hakuna mbuzi aliyetoroka. Ukigusa friji, huenda usisikie kitu. Utasema jenereta ni salama kuliko TANESCO.

Ngoja. Mwezi unaofuata pasi nayo imechubuka, lakini ndani yake waya uliogusa bati ni ule mwingine. Sasa mama ameshika pasi kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto anafungua friji. Umeme watoka kwa waya mmoja, wapita kifuani mwake, warudi kwa waya wa pili. Mhesabuji wetu mlangoni amehesabu waliotoka na waliorudi, ameona hesabu sawa, amekaa kimya. Na mtu yuko katikati.

Kwa ajili hiyo, jenereta itakayolisha nyumba nzima haina budi kufungwa na fundi mambo mawili. Kwanza, waya wa ardhi wa nyumba ufungwe na chuma cha jenereta, na nyutro ya jenereta nayo ifungwe hapo, mahali pamoja tu, kwenye jenereta yenyewe. Sasa umeme unaovuja una njia ya kurudi kwao, mhesabuji ataona upungufu, naye atakata. Pili, iwekwe swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenji ova, na iwe ya kukata nyaya zote mbili, laivu na nyutro pia. Nyutro ya jenereta na nyutro ya TANESCO zisishikane kamwe. Lakini waya wa ardhi haukatwi na swichi yoyote. Huo hukaa mahali pake umeme ukitoka kokote.

Inveta ina mambo yake. Wakati TANESCO wapo, inveta nyingi huupitisha umeme wao moja kwa moja. Wakikatika, hujitenga, ikaanza kutengeneza umeme wake kutoka kwenye betri. Hapo chanzo kimehama. Zizi liko sebuleni, chini ya meza ya televisheni. Kama RCD yako iko kwenye mein swichi tu, yaani kabla ya inveta, basi mtoto wetu anahesabu penye mlango ambao mbuzi hawapiti tena. Inatakiwa RCD nyingine upande wa kutokea, baada ya inveta.

Na nyutro ya inveta je, ifungwe ardhini kama ile ya jenereta? Hapa usikubali jibu la haraka. Inveta nyingine hujifunga zenyewe ndani. Nyingine zataka fundi azifunge. Na nyingine za bei rahisi zimegawa umeme wao nusu kwa nusu, kila waya una volti kama 115 kwa ardhi. Ukiufunga mmoja ardhini, mashine inaungua papo hapo, na waliokuuzia hawatarudisha pesa. Kitabu kilichokuja ndani ya boksi kinasema ni ya namna gani. Usikitupe, hata kama umekinunua na hukuwa ukijua kusoma wakati huo. Fundi asiyetaka kukitazama kitabu si fundi wa inveta.

Sasa nataka nikufundishe kutazama dalili. Sikufundishi kufungua mein swichi, wala kuingiza bisibisi mahali popote. Kazi yako ni kuona, kusikia na kueleza, ili fundi asije akabahatisha kwa pesa yako.

Tuanze na mwasho. Ukisikia siafu mkononi, kama mimi kule Ruangwa, chomoa kifaa hicho. Usivae kandambili. Kijaribu katika soketi ya chumba kingine iliyojengwa na athi. Kama RCD inakata mara hiyo, kifaa ni kibovu, na nyumba imefanya kazi yake. Kama kila kifaa chenye bati kinawasha mkono katika soketi ile ya kwanza, soketi haina ardhi.

Dalili ya pili, RCD inakata na hujui kwa nini. Zima breka zote ndogo, rudisha RCD juu, kisha washa breka moja moja, ukingoja kidogo kila mara. Ile itakayoiangusha ndiyo yenye kosa. Chomoa vyote vilivyomo katika njia hiyo, jaribu tena. Ikisimama, chomeka kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Ikianguka hata hakuna kilichochomekwa, kosa liko ukutani au darini, nalo ni la fundi. Kama huanguka mvua zinapoanza tu, mwambie aanze na taa ya nje na maungio ya waya chini ya bati.

Juu ya bati hilo nataka kusema zaidi. Waya uliopitishwa chini ya mabati bila bomba husuguliwa kila upepo uvumapo, mpaka mpira wake unaisha. Hapo paa zima lashika umeme. Na mara nyingi mama amefunga kamba ya kuanikia nguo, kamba ya waya, kutoka kwenye paa mpaka kwenye mwembe. Nguo mbichi, miguu peku, waya mkononi. Funga kamba ya katani au ya plastiki. Hilo waweza kulifanya leo jioni bila fundi na kwa pesa kidogo.

Dalili ya tatu ni ya nyumba zenye inveta. Tangu siku inveta ilipofungwa, RCD hukata ukiwasha taa ya chumba fulani tu. Fundi alizihamisha nyaya za moto za taa zikaenda kwenye inveta, lakini nyutro zake akaziacha kule kwa zamani. Mbuzi hutokea mlango huu, wakarudia mlango ule, na kila mhesabuji hupiga kelele kwamba ameibiwa. RCD haina kosa. Fundi asiseme “hiki kifaa kinasumbua, tukitoe.” Kosa ni nyutro ya kuazima, nayo irudishwe kwa laivu yake.

Dalili ya nne ni ya tesita. Umeme wa TANESCO upo, hakuna kiwakacho, lakini fundi akipima, tesita yang'aa katika matundu yote mawili ya soketi. Nyutro imekatika. Zima mein swichi usiguse kitu. Kama taa za nyumba kadhaa zinafifia na nyingine zinawaka kupita kiasi kwa wakati mmoja, nyutro imelegea kwenye nguzo. Chomoeni vifaa vyote na waiteni TANESCO. Lakini tesita ikifanya hivyo hivyo wakati wa jenereta au inveta, na taa zinawaka vizuri, maana yake ni nyingine: umeme huo haukufungwa ardhini. Sasa mnajua tofauti.

Niseme kitu kimoja juu ya ule waya wenye plagi kichwani na plagi mkiani. Mtu huchomeka upande mmoja katika jenereta na upande wa pili katika soketi ya ukutani, na nyumba yote inawaka. Plagi ikichomoka, meno yake yana umeme, na aliyeishika ni mtoto aliyetumwa kuzima jenereta. Tena, mein swichi ikisahauliwa kuzimwa, umeme unatoka nje ya nyumba, wapanda nguzo, wafika kwenye transfoma. Transfoma iliyofanywa kushusha maelfu ya volti, ukiilisha kwa nyuma, huyapandisha maelfu yale yale. Na huko juu ya nguzo yuko kijana wa TANESCO, ameambiwa njia imezimwa, anaunganisha waya ili wewe upate umeme. Waya wa namna hiyo ukiwa nao, ukate vipande viwili leo. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, kwa maana moshi wake huua watu waliolala bila kuwaamsha.

Kwa betri neno ni fupi. Volti 12 hazitakupiga shoti, lakini spana ikilala juu ya vichwa viwili vya betri itawaka nyekundu. Fyuzi iwe karibu sana na betri, si kule kwenye inveta.

Sasa nirudi kwenye friji ya rafiki yangu. Fundi mwenye leseni ya EWURA alipokuja, alikuta waya wa ardhi umekatwa nyuma ya nyumba. Waliojenga choo walikuwa wameukuta njiani kwao, wakaukata, wakaukunja vizuri ukutani. Taa hazikuzimika, basi hakuna aliyesema kitu. Nondo yenyewe ilitoka ardhini kwa kuvutwa kwa mkono. Alipiga chuma cha shaba upande yanakotokea maji ya kuogea, udongo usikokauka, akaweka RCD. Alipoiwasha ilikata mara hiyo hiyo. Mwenye nyumba akakasirika, akadhani ameuziwa kitu kibovu. Kumbe kifaa kilikuwa kimeiona friji. Ilikuwa inavuja chini kwenye mota, na kandambili zilikuwa zimeificha muda wote huo.

Limebaki jambo la kuokoa mtu. Ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimshike. Zima mein swichi. Lakini nyumba yenye inveta ukizima mein swichi, inveta hudhani TANESCO wamekatika! Yaanza kazi yake, na nyaya zina umeme tena. Aliyekimbilia kumwokoa baba anamshika, naye ananaswa. Huwezi kumlaumu, maana amefanya alivyofundishwa. Kwa hiyo zima vyote viwili, na kama hujui cha pili kiko wapi, msukume aliyenaswa kwa mti mkavu, ukisimama juu ya kitu kikavu.

Hapa ndipo kazi ya darasa lenu ilipo. Mgeni hajui kama nyumba yako ina umeme wa namna mbili. Jirani hajui, wala yule kijana wa kupanda nguzo. Tafuteni kila mtu kipande cha ubao au boksi gumu, na rangi au mkaa. Kila mwenye jenereta au inveta ataandika, na asiye nayo atamwandikia jirani asiyejua kusoma bado. Kitundikwe penye mein swichi. Maneno ni haya:

NYUMBA HII INA UMEME WA NAMNA MBILI.
ZIMA HAPA, KISHA ZIMA INVETA ILIYOKO

Mwisho wa mstari wa pili mwandike mahali ilipo: sebuleni, chumbani, stoo. Penye jenereta liandikwe neno jenereta. Mwalimu, wape robo saa waandike kwanza katika daftari, kwa herufi kubwa, uwasahihishe kabla hawajashika rangi. Atakayekosea neno inveta asione haya. Hata dukani huliandika kila mtu kwa namna yake. Kwaherini mpaka juma lijalo.